Mbegu za dodoki za pakiti nyeupe: mbegu nzuri, lebo ya kupotosha

Pakiti ni ya karatasi nyeupe, imebanwa kwa pini, na juu yake pamegongwa muhuri wa wino: "Dodoki / Ekyangwe, mbegu 40". Ekyangwe ni jina la Kiganda la dodoki, mmea wa jamii ya maboga unaotoa sponji ya kuogea. Bei ni shilingi 5,000. Inapatikana kwenye baadhi ya maduka ya pembejeo katikati ya Kampala na kwenye magulio ya Wakiso na Mukono. Haina jina la kampuni, namba ya fungu wala tarehe ya kufungashwa. Mbegu zilizothibitishwa hapa Uganda hubeba lebo ya buluu, na zile za ubora uliotangazwa zinazozalishwa na vikundi vya wakulima hubeba ya kijani. Pakiti hii haina hata moja. Nyuma yake kuna mistari minne: panda mbegu 2 kwa shimo, nafasi mita 1 kwa mita 1, huota siku 5, huvunwa siku 60.

Tumeipa nyota 3 kati ya 5. Mbegu zenyewe ziko hai na zina nguvu. Kinachoangusha ni ile mistari minne, maana anayeifuata neno kwa neno hupoteza msimu mzima. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tathmini hii ni kuisahihisha.

Kosa la kwanza limo ndani ya pakiti. Mwaga mbegu zote kwenye sahani nyeupe, mahali penye mwanga. Utaona ziko za namna mbili. Za kwanza ni bapa, nyeusi, laini ukizipapasa, na pembeni zina ukingo mwembamba kama pindo la kanga unaozunguka mbegu yote. Hizo ni za dodoki laini, Luffa cylindrica, ambalo vitabu vingine huliita Luffa aegyptiaca. Za pili ni nene kidogo, zina vishimo na mikwaruzo juu yake kama kokwa iliyotafunwa, na hazina ukingo. Hizo ni za dodoki la mifuo, Luffa acutangula, mboga ambayo wenye maduka ya Kihindi huiita turia. Katika pakiti tatu tulizofungua, kila moja ilikuwa na mchanganyiko huo, na mbegu za dodoki laini ndizo zilizokuwa nyingi. Ukimuuliza muuzaji, jibu ni lile lile: "Ssebo, byonna bye bimu," yaani yote ni yale yale.

Si yale yale hata kidogo. Dodoki laini ndilo linalotoa sponji ndefu yenye nyuzi zilizosukana sawasawa, ile inayouzwa soko la Owino, Kampala, ikiwa imefungwa mafungu. Turia nalo lina nyuzi likikomaa, lakini ganda lake lina mifuo 10 iliyosimama, kulimenya ni kazi ngumu, na sponji yake hutoka nyembamba na yenye kukwaruza. Thamani yake iko sufuriani, likichumwa changa. Anayelima sponji akapanda mbegu zote bila kuchambua atakuwa na mimea inayokula mbolea na waya bila kumlipa. Anayelima mboga naye atajikuta na dodoki laini, ambalo likiwa changa huliwa pia, lakini siku chache tu likichelewa huwa limeshajaa nyuzi.

Kama mbegu zilishapandwa, ua litakwambia. Dodoki laini hufungua maua alfajiri, na kufikia saa mbili asubuhi nyuki wameshajaa. Dodoki la mifuo hufungua jioni, kuanzia kama saa kumi na moja jua likipoa, na wageni wake ni nondo wa usiku. Pita shambani mara mbili kwa siku moja ukiwa na vipande vya uzi wa rangi, funga kila mche unaofungua jioni, na huna haja ya kungoja tunda.

Kuhusu "huvunwa siku 60": kwa turia la kula, sawa. Kwa sponji, ni uongo unaoumiza. Tangu mbegu kuota hadi tunda kukauka kwenye mti ni miezi mitano hadi sita, na mahali penye baridi zaidi huzidi hapo. Mtu aliyeambiwa siku 60 huchuma tunda la kijani lenye urefu wa kupendeza, akalimenya, akakuta ute na nyuzi laini zinazokatika mkononi kama utumbo wa boga. Nyuzi za dodoki ni mishipa ya kupitishia maji na chakula ndani ya tunda. Hukakamaa pole pole kadiri tunda linavyozeeka, na hakuna dawa wala kuanika kunakoweza kuziharakisha baada ya tunda kukatwa.

Kuota tulikojaribu kulikuwa kuzuri. Kati ya mbegu 20 za dodoki laini tulizoloweka, 16 zilichipua, ila si kwa siku 5. Ya kwanza ilitokeza siku ya nne na ya mwisho siku ya kumi na moja. Ganda la mbegu hii ni gumu. Chukua kikata kucha, mega ukingo upande mpana, usiguse ncha iliyochongoka maana mzizi hutokea hapo. Loweka kwa saa 24 kwenye maji ya uvuguvugu, kisha zifunge kwenye kitambaa kibichi na uweke mahali penye joto la nyuzi 25 hadi 30. Usitegemee ile desturi ya kutupa mbegu zinazoelea. Mbegu nzuri za dodoki huelea pia kwa sababu ya hewa iliyomo chini ya ganda. Zile nyeupe na nyepesi ndizo za kutupa, nyingi hutoka kwenye matunda yaliyochumwa kabla ya wakati.

Kupanda moja kwa moja shambani mbegu 2 kwa shimo ni kupoteza mbegu, kwa bei ya shilingi 125 kila moja. Tumia viriba vya plastiki, mbegu moja kila kiriba, kina sentimita 2, mchanganyiko wa udongo wa juu, mboji na mchanga. Mwagilia asubuhi tu. Ukimwagilia jioni kila siku, kinyausi, ugonjwa wa ukungu wa miche michanga, kitakata miche shingoni. Hamisha mche ukiwa na majani halisi matatu au manne, wiki ya tatu au ya nne, ukichana kiriba bila kuvunja donge la udongo. Mizizi ya jamii hii yote, tangu boga hadi tango, haipendi kuguswa, na mche uliochelewa kwenye kiriba hadi mizizi ikajizungusha chini hudumaa hata ukiupa nini.

Nafasi ya mita 1 kwa mita 1 ni ya mmea unaotambaa chini, na dodoki la sponji halipaswi kutambaa chini. Tunda lililolala juu ya udongo hujikunja kama pembe ya ng'ombe, huoza upande wa chini, na sponji yake hutoka na madoa meusi yasiyotoka. Panda kwa mistari, mita 1 kati ya mche na mche, mita 2.5 kati ya mistari, na juu yake weka kichanja. Walimaji wa pasheni tayari wanakijua: nguzo za mkaratusi za mita 2.4, sentimita 60 zikiingia ardhini, nguzo kila baada ya mita 3, waya mnene wa geji 12 juu na mwingine mwembamba katikati. Mwaka wa kwanza wengi hutumia kamba za katani au vijiti vya mianzi, na vyote huanguka mwezi wa nne tangu kupanda, pale matunda yote yanapokuwa yamejaa maji. Tunda la kijani lililokua kamili huweza kufika kilo moja au zaidi. Zidisha kwa matunda 10 kwa mche, miche mitatu kati ya nguzo na nguzo, halafu uongeze mvua na upepo wa ziwani. Paka sehemu ya nguzo inayoingia ardhini mafuta machafu ya gari, la sivyo mchwa watamaliza kazi kabla ya mavuno.

Mbolea lebo haikuitaja kabisa, na hapo ndipo mtu huharibu kwa nia njema. Shimo la sentimita 40 kwa 40, nusu ndoo ya samadi iliyooza vizuri, na vifuniko viwili vya soda vya NPK 17-17-17 vilivyochanganywa na udongo, vinatosha kuanzia. Baada ya hapo zuia mkono. Ukimwaga yurea, mbolea yenye naitrojeni nyingi, kila mwezi utapata majani mapana kama masikio ya tembo na maua dume tu. Maua dume ya dodoki hutoka kwa kichala, mengi kwenye bua moja. Ua jike hutoka peke yake, na nyuma ya petali zake kuna kitunda kidogo cha kijani chenye umbo la kidole cha mtoto. Ni kawaida madume kutangulia wiki mbili au tatu, mkulima asitishike. Naitrojeni nyingi na joto kali huongeza madume. Siku ndefu nazo huongeza madume, na hapa karibu na Ikweta, ambapo mchana ni takriban saa 12 mwaka mzima, tuna nafuu ambayo walimaji wa nchi za mbali hawana.

Kata machipukizi manne ya kwanza ya pembeni ili mmea upande juu haraka. Mmea ukifika waya wa juu, uachie utandae. Tundika matunda yananing'inie wima, na yale yaliyonaswa kati ya waya na jani yaachie mapema kwa mkono. Yaliyopinda yachume yangali madogo. Kwa udongo wa wastani tunashauri kubakiza matunda 10 hadi 12 kwa mche. Zaidi ya hapo, sponji hutoka fupi na nyepesi. Kama nyuki ni wachache, chuma ua dume asubuhi, ng'oa petali, pakaza chavua juu ya ndimi tatu za katikati ya ua jike. Ua moja dume linatosha majike mawili.

Msimu ni jambo ambalo lebo ingeweza kulieleza kwa mstari mmoja tu, na ndilo linaloamua rangi ya sponji. Kwa maeneo ya ziwa, Kampala, Mukono, Masaka, otesha miche Agosti, hamisha Septemba mvua za pili zikishika. Matunda yatakomaa na kukauka Januari na Februari, wakati wa kiangazi, na sponji itatoka safi. Ukipanda mwishoni mwa Machi, matunda mengi hufika kwenye kukauka mvua za Agosti na Septemba zinaporudi. Ganda huwa limeshafunguka, maji huingia, ukungu mweusi huota kwenye nyuzi. Gulu na Lira, ambako mvua ni msimu mmoja mrefu, pangeni kupanda ili mkavune Novemba na Desemba. Kabale na miinuko yake ya baridi, pakiti hii msiinunue kwa ajili ya sponji. Mmea utaota na utachanua, lakini tunda halitazeeka kwa wakati.

Wadudu: adui mkubwa ni nzi wa matunda. Hutoboa kitunda kingali kichanga, na alama yake ni tone dogo la utomvu linaloganda kama gundi. Siku chache baadaye kitunda hugeuka njano kuanzia nchani na kuanguka. Dawa za kunyunyiza hazimfikii funza aliye ndani. Vika kila kitunda mfuko wa karatasi siku mbili au tatu baada ya ua kunyauka, uache wazi chini kidogo maji yatoke, na uutoe kitunda kikizidi urefu wa mkono wako. Matunda yaliyoanguka yasiachwe chini wala kutupwa kwenye shimo la mboji. Yafukie kina cha sentimita 60, au yafunge kwenye mfuko mweusi na kuuacha juani wiki nzima. Vidukari na nzi weupe hupaswa kuzuiwa mapema kwa sababu hubeba ugonjwa wa virusi uitwao batobato, na mche wenye batobato ung'olewe siku hiyo hiyo. Ubwiri unga, ukungu mweupe wa majani, huja mwishoni. Tunda likiwa limeshajaa hauna madhara makubwa. Ukilazimika kunyunyiza chochote, nyunyiza jioni, nyuki wakiwa wamelala.

Uvunaji. Shika tunda mkononi. Lililo tayari limekuwa jepesi ghafla, kama kikapu kitupu, na ukilitikisa mbegu zinacheza ndani. Ganda limegeuka njano hadi kahawia, na ukibonyeza kwa kidole gumba linapasuka kama ganda la yai lililochemshwa. Anayetaka sponji nyeupe zaidi achume hatua moja kabla: ganda bado lina ukijani uliofifia, limelegea na kuachana na nyama, na tunda limepoteza karibu nusu ya uzito. Hapo kumenya ni kugumu kidogo lakini rangi ni bora.

Kwenye ncha ya chini kuna kikofia kidogo. King'oe, tikisa, mbegu zitamwagika zote kwenye beseni. Zitoe kabla ya kulowesha tunda, maana mbegu nyeusi ikikaa ndani ya maji huacha madoa. Loweka tunda kavu nusu saa, menya, kisha kamua na kusuuza mara tatu au nne hadi maji yatoke bila povu. Kama soko linataka weupe, ndoo ya lita 20 na robo lita ya jiki, dakika 20, basi. Ukiacha usiku kucha nyuzi hulika na sponji itavunjika wiki ya kwanza bafuni. Suuza tena, anika kwenye kamba penye upepo, usianike juu ya mabati ya moto. Mnunuzi naye aelezwe kusuuza sponji kila akishaoga, kuitundika ikauke, na kuibadilisha baada ya wiki tatu au nne. Sponji inayolala kwenye maji ni makao ya vijidudu.

Kwa wanaochuma la kula: onja kipande kidogo kibichi kabla ya kupika. Likiwa chungu, tupa lote. Uchungu huo ni sumu ya asili ya jamii ya maboga, haiondoki kwa kupika, na huleta kutapika na kuharisha vibaya. Lebo ya mbegu zinazouzwa kama mboga ingepaswa kusema hivyo kwa herufi kubwa.

Muuzaji huyo huyo ana pakiti za karela, tunda chungu la jamii hiyo ya maboga, na za dudhi, yaani kibuyu. Za karela ni safi, aina moja. Za dudhi ziliota vizuri, lakini hazielezi kama ni za kibuyu cha kula au cha kukausha, na mtu wa Ankole anayetafuta kibuyu cha kutengenezea ekishaabo, chombo cha kusukia maziwa, asizinunue kwa kubahatisha. Maua ya kibuyu, kwa wanaofuatilia, ni meupe na hufunguka jioni.

Dodoki na karela zina uhusiano mmoja unaofaa kujaribiwa zaidi hapa kwetu. Dodoki huvumilia udongo uliolowa na mnyauko wa Fusarium, ugonjwa wa kuvu wa udongoni, kuliko karela. World Vegetable Center, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, kwa muda mrefu kimeshauri kubebesha karela juu ya shina la dodoki. Kwenye mashamba ya pembezoni mwa vinamasi vya Wakiso, ambako karela hufa kila mvua kubwa ikinyesha, ile sehemu ya mbegu za pakiti hii unayoona imezidi ingetumika kama shina la kubebeshea. Otesha karela na dodoki kwa kupishana siku chache ili mashina yawe na unene sawa, kata kwa mshazari, bana kwa kibanio, funika kwa nailoni siku saba kivulini.

Shule na vyuo vinavyotaka zao la kufundishia havitapata la bei nafuu zaidi. Mbegu za aina mbili kwenye pakiti moja, ambazo kwa mkulima ni kasoro, kwa mwanafunzi ni somo: achambue mbegu kwa macho, apande kando kando, aandike saa ya kila ua kufunguka, ahesabu dume na jike kila wiki, kisha alinganishe na mche uliozidishiwa yurea. Vituo vya utafiti wa kilimo vya Namulonge na Kabanyolo viko karibu na Kampala, na benki ya taifa ya nasaba za mimea iko Entebbe. Ukikutana na ekyangwe la kienyeji lenye umbo la pekee kwenye ua wa kijijini, mbegu zake zinastahili kufika huko kabla mti haujang'olewa kupisha nyumba.

Nunua pakiti moja, si tano. Msimu ukienda vizuri hutarudi tena dukani. Chagua mche uliozaa matunda marefu, yaliyonyooka, ya nyuzi nene. Jioni moja kabla ya ua jike na ua dume kufunguka, yafunge yote kwa uzi. Asubuhi yafungue, uchavushe kwa mkono, ufunge tena jike, na uweke alama kwenye kikonyo. Kama turia liko jirani, usiruke hatua hii. Tunda hilo liache likauke kabisa mtini. Mbegu zake zianike kivulini siku kumi, zitie kwenye chupa kavu pamoja na kijiko cha majivu yaliyochekechwa, na kwenye chupa andika mambo matatu ambayo pakiti nyeupe haikuandika: aina, mahali, na mwezi wa kuvuna.